Shikamoo, Hakyanani na "Nenda Kwenu": Asili ya Maneno ya Kila Siku na Hukumu Zake

SWALI:

Mimi ni mzaliwa wa Unguja na mume wangu ni wa Pemba. Tunaishi Olasiti, Arusha, kwa ajili ya biashara yake. Watoto wetu wamekulia huku na wanasoma skuli pamoja na watoto wa majirani zetu Waarusha na Wameru. Idi iliyopita tulikwenda Pemba. Watoto walipomuona bibi yao walisema "shikamoo", na yule mdogo akainamisha kichwa ili ashikwe utosini, kama wafanyavyo watoto wa jirani. Ami yao akawakemea mbele za watu, akasema shikamoo ni shirki na kwamba tumewafanya Wamasai. Tangu hapo kila neno lao likawa na kasoro: "hakyanani", "ndege mbaya", hata "marehemu". Tuliporudi nyumbani mimi na mume wangu tukazozana juu ya jambo hilo, na katika hasira akanambia: "Nenda kwenu." Baadaye alinitaka radhi. Lakini jirani ananambia kuwa hiyo tayari ni talaka. Tunaomba mtueleze maneno haya yametoka wapi na yana hukumu gani.

JIBU:

AlhamduliLlaah, sifa zote njema ni za Allaah, na Swalah na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake.

Dada yetu muulizaji, tumeondoa katika barua yako yote yanayoweza kukutambulisha. Tumeona tulijibu swali lako kwa urefu, kwani familia nyingi za visiwani zina watoto wanaokulia Bara, na ugomvi wa namna hii hutokea kila wanaporudi kwa likizo au Idi. Tutaanza na kanuni, kisha tutalipitia kila neno, na la talaka tutaliweka mwisho kwa kuwa ndilo zito zaidi.

Asili ya neno si hukumu yake

Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyochukua maneno mengi ya Kiarabu, na mengine ya Kiajemi, Kihindi, Kireno na Kiingereza. Kila neno limekuja na historia yake, lakini wasemaji hawaikumbuki historia hiyo kila wanapofungua kinywa. Tazama siku za wiki. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, kwani "mosi" ni moja. Ukiendelea kuhesabu hivyo, Jumatano ni siku ya tano. Lakini siku inayofuata tunaiita Alhamisi, na "khamiys" kwa Kiarabu pia ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza hesabu yao siku ya Jumapili. Kwa hiyo wiki yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana, na hakuna hata mmoja wetu anayechanganyikiwa.

Waarabu nao ni hivyo hivyo. Rabiy'ul-Awwal, ambao wazee wetu wanauita Mfunguo Sita, umetokana na neno lenye maana ya majira ya machipuko, na Ramadhwaan imetokana na neno lenye maana ya joto kali. Majina hayo yalikuwepo kabla ya Uislamu. Leo miezi hiyo inazunguka katika majira yote, na hakuna aliyeambiwa ayaache majina yake kwa sababu ya asili yake.

Hata hivyo haimaanishi kwamba kila neno linaachwa lilivyo. Katika Suratul-Baqarah, Aayah ya 104, Allaah Amewakataza Waumini wasimwambie Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) neno "raa'inaa", na Akawaamrisha waseme "undhwurnaa". Neno la kwanza halikuwa na ubaya kwa Swahaba waliolitumia, wao walikusudia kuomba wasubiriwe na waangaliwe. Lakini walikuwepo waliolipinda na kulifanya tusi. Mtume naye alibadilisha baadhi ya majina ya watu: msichana aliyeitwa 'Aaswiyah, yaani mwenye kuasi, alimwita Jamiylah. Imepokewa na Muslim.

Katika mifano hii miwili tunapata maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kumhukumu mtu kwa neno lake:

1. Tamko lenyewe linasema nini kwa lugha inayotumika?
2. Watu wanaolisikia leo wanalielewa vipi?
3. Msemaji anakusudia nini?

La tatu lina msingi wake katika Hadiyth mashuhuri ya 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhu) kuhusu amali na nia, iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim. Na katika kanuni za fiqhi, ada na mazoea ya watu huzingatiwa katika kufahamu maneno yao. Sasa tuingie katika maneno yenyewe.

Shikamoo na marahaba

Shikamoo ni mkato wa "nashika miguu yako". Wako hadi leo wanaotamka "nashikamoo", na hapo mkato huo unaonekana wazi zaidi. Ni tamko linalotaja ishara ya heshima, ya mdogo kushika miguu ya mkubwa. Wapo wanaosema kuwa lilikuwa neno la mtumwa kwa bwana wake. Katika jamii iliyokuwa na utumwa, maneno ya heshima yalitumiwa na watumwa pia, lakini neno lenyewe halitaji utumwa. Linataja miguu tu. Na leo mtoto anayemwambia bibi yake "shikamoo" hamshiki miguu, hamsujudii, wala haimpitikii kuwa yeye ni mtumwa. Anachosema ni: mimi ni mdogo kwako na ninakuheshimu.

Jibu lake, marahaba, lina habari nzuri ambayo wengi wetu hatuijui. Limetoka katika neno la Kiarabu "marhaban", ambalo asili yake ni upana na nafasi: karibu, pana nafasi kwa ajili yako. Hili ni neno alilolitumia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) mwenyewe. Alimpokea nalo binti yake Faatwimah (Radhwiya Allaahu 'anhaa), na alimpokea nalo Ummu Haani siku ya kufunguliwa Makkah. Yote mawili yamo katika Al-Bukhaariy. Kwa hiyo bibi anayeitikia "marahaba" anatumia neno ambalo Mtume alimkaribishia bintiye.

Basi iko wapi kasoro? Kasoro ipo pale shikamoo inapochukua nafasi ya salamu ya Kiislamu. Salamu ya Muislamu kwa Muislamu ni "Assalaamu 'alaykum". Ni du'aa, ina thawabu, na kuijibu ni wajibu kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, Aayah ya 86. Shikamoo haibebi hayo. Lakini mtoto akitoa salamu kwanza kisha akasema "shikamoo bibi", amekusanya Sunnah na adabu ya watu wake. Na ukitazama utaona kwamba adabu hizi mbili zinakwenda pamoja: Mtume amefundisha kuwa mdogo ndiye aanze kumsalimia mkubwa, kama ilivyo katika Al-Bukhaariy, na shikamoo nayo daima hutoka kwa mdogo.

Kuiita shikamoo shirki ni kuvuka mpaka. Shirki ni kumpa kiumbe haki ya Allaah, na hakuna mtoto wa Unguja, Pemba wala Olasiti anayekusudia hivyo anapomwamkia bibi yake.

Kuinamisha kichwa

Olasiti ni kata ya jiji la Arusha, na wenyeji wa eneo hilo wengi ni Waarusha, watu wanaosema lugha ya Maa pamoja na Wamasai. Kwao mtoto humwendea mkubwa, huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Hiyo ndiyo salamu ya mtoto. Haina maneno mengi, na mtoto wa jirani huijifunza kwa kuiona tu, kama alivyoijifunza mwanao.

Katika dini yetu, suala la kuinama lina Hadiyth. Imepokewa na At-Tirmidhiy kutoka kwa Anas (Radhwiya Allaahu 'anhu) kwamba mtu alimuuliza Mtume iwapo mtu ainame anapokutana na ndugu yake au rafiki yake, naye akasema hapana. Ndipo Imaam An-Nawawiy katika Al-Adhkaar akasema kuwa kuinamisha mgongo kwa ajili ya mtu yeyote ni makruhu. Lakini yeye huyo huyo ameeleza kuwa kumbusu mkono mtu mwema au mwanachuoni kwa ajili ya dini yake si makruhu, bali ni jambo zuri. Na hapo tunaona chanzo cha ada yetu ya visiwani ya watoto kubusu mikono ya wazee.

Mtoto wa miaka michache anayeinamisha kichwa ili bibi amguse haonyeshi rukuu, anaomba kupapaswa. Hana dhambi, kwani bado hajafikia umri wa kuandikiwa. Linalotakiwa ni kumfundisha kwa upole ada ya kwao: salamu, mkono, na kubusu mkono wa bibi. Akiwa kwa babu wa Kiarusha na babu akanyoosha mkono kumgusa kichwa, hakuna haja ya kumrudisha nyuma kwa ukali hadi jirani aone anatiwa aibu. Mtoto asimame wima, aguswe, aondoke. Jirani ana haki, hata asiyekuwa Muislamu.

Na kauli ya kwamba "mmewafanya Wamasai" kama tusi, hiyo ndiyo yenye hatari zaidi kuliko shikamoo. Suratul-Hujuraat, Aayah ya 11, imekataza watu kudharau watu wengine na kuitana kwa majina ya kejeli.

Hakyanani, wallaahi na kula yamini

Hapa mambo ni kinyume. Shikamoo inasikika nzito lakini ni nyepesi, na "hakyanani" inasikika nyepesi lakini ina uzito.

Neno hili la vijana wa mitaani limetokana na "haki ya nani", nalo ni mgeuzo wa "haki ya Mungu". Ndugu yake ni "haki ya mama". Yote ni matamko ya kiapo. Wengine hulisema "haki ya nani" kwa kuogopa kulitaja jina la Mungu ovyo, na nia hiyo ni njema. Lakini matokeo yake ni kiapo kisichojulikana kinaapwa kwa nani. Ama "haki ya mama", ni kuapa kwa kiumbe. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuapa kwa wazazi, na akaelekeza kuwa mwenye kuapa aape kwa Allaah au anyamaze. Imepokewa na Al-Bukhaariy na Muslim.

"Wallaahi" ndiyo tamko la asili la kiapo kwa Kiarabu, ambapo "wa" ya mwanzo ni herufi ya kuapia. Nalo limekuwa jepesi mno katika vinywa vyetu. Yule anayelisema kwa mazoea tu bila kukusudia kiapo, Qur-aan imeeleza kuwa Allaah Hatowachukulia watu kwa viapo vya upuuzi, bali kwa vile walivyovifunga kwa makusudio. Kwa aliyekusudia kisha akavunja, kafara imetajwa katika Suratul-Maaidah, Aayah ya 89: kulisha masikini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku 3.

Na kwa nini tunasema "kula" kiapo au "kula" yamini? Yamini ni Kiarabu, na maana yake ni mkono wa kulia na pia kiapo, kwa kuwa walioapizana walikuwa wakipeana mikono ya kulia. Ama "kula", kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki zamani mtuhumiwa alipewa kitu akile au akinywe ili ukweli udhihirike: akidhurika ndiye mkosa. Kiapo kilikuwa kinaliwa kweli. Pia Kiswahili kinapenda kulitumia "kula" kwa jambo linalomwingia mtu: kula hasara, kula njama, kula kiapo. Mila ile ya kulishwa haina nafasi katika Uislamu, lakini neno lililobaki limeachana nayo, na kusema "amekula yamini mahakamani" hakuna ubaya.

Kwa watoto waliozoea "hakyanani", dawa ipo katika Sunnah. Swahaba wengine walikuwa wapya katika Uislamu, na ulimi ulikuwa ukiteleza wakaapa kwa Laata na 'Uzzaa kama walivyozoea. Mtume hakuwatoa katika dini. Aliwaelekeza kuwa aliyeteleza hivyo aseme "laa ilaaha illa Allaah". Imepokewa na Al-Bukhaariy na Muslim. Ikiwa hivyo ndivyo walivyoelekezwa walioteleza kwa masanamu, mtoto wa skuli aliyeokota neno mtaani anastahiki ulaini zaidi.

Ndege mbaya, nyota na ramli

Katika Kiswahili, "ndege" si kiumbe chenye mbawa tu, wala si chombo cha kusafiria tu. Ni dalili ya bahati pia: ndege njema, ndege mbaya. Msafiri anayekutana na jambo asilolipenda mwanzo wa safari husema amepata ndege mbaya.

Hili si la Waswahili peke yao. Waarabu wa Jaahiliyyah walikuwa wakimshtua ndege: akirukia kulia wanaendelea na safari, akirukia kushoto wanarudi. Kwa hiyo itikadi ya mikosi ikaitwa "twiyarah", kutokana na "twayr", ndege. Warumi wa kale nao walikuwa na makuhani wa kutazama ndege kabla ya jambo kubwa, na neno lao la kubashiri, auspicium, limetokana na ndege na kutazama. Mataifa matatu yaliyo mbalimbali yakatumia kiumbe kimoja kwa hofu moja.

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliifuta twiyarah, akasema kuwa kilicho bora kuliko hiyo ni "fa-l". Alipoulizwa fa-l ni nini, akaeleza kuwa ni neno jema analolisikia mtu. Siku ya Hudaybiyah, alipokuja Suhayl bin 'Amr kwa niaba ya Maquraysh, Mtume alilifurahia jina lake na kuwabashiria Swahaba kuwa jambo lao limesahilika. Suhayl na neno letu "sahali" ni mzizi mmoja.

Katika Hadiyth hiyo ya kukanusha twiyarah, iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, imekanushwa pia "haamah", ambaye kwa tafsiri mashuhuri ni ndege wa usiku aliyeaminiwa kutokana na maiti, jamaa wa bundi tunayemuogopa sisi. Na imekanushwa "swafar", ambayo baadhi ya Maulamaa wameitafsiri kuwa ni mkosi wa mwezi wa Swafar, huo tunaouita Mfunguo Tano.

Kwa hiyo "ndege mbaya" tuliache. Hapa tamko lenyewe linasema itikadi iliyokanushwa, na wanaolisikia bado wanalielewa hivyo. Mtu aseme: nimepata tatizo, au: Allaah Atusahilishie.

"Nyota" inahitaji kupambanuliwa. Kusema mchezaji fulani ni nyota wa timu yake ni tashbihi tu. Lakini "nyota yangu imefifia" na "kusafisha nyota", maneno tunayoyaona katika mabango ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, hayo ni itikadi na ni biashara. Alipofariki Ibraahiym, mtoto wa Mtume, jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume alikuwa na msiba, na uvumi ule ulikuwa wa kumtukuza mwanawe. Juu ya hivyo aliukanusha hapo hapo, akabainisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

"Ramli" ni mchanga kwa Kiarabu, na "kupiga ramli" ni tafsiri ya neno kwa neno ya usemi wa Kiarabu wa kupiga mchanga, yaani kuchora alama mchangani ili kudai kujua ghaibu. Mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza yuko katika onyo kali: Swalah yake haikubaliwi siku 40, kama ilivyopokewa na Muslim. Lakini mtu anayesema "sipigi ramli mimi, sijui atafika saa ngapi" hana kosa, kwani anakanusha kujua ghaibu.

Jambo moja kwa walio karibu na Mlima Meru. Katika lugha ya Maa, neno "Engai" ni jina la Mungu, na neno hilo hilo hutumika kwa mvua na mbingu. Limo katika jina la mlima Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Mtoto wako akilisikia neno hilo jirani anapozungumzia mvua, usidhani mara moja kuwa amesikia ibada. Huenda jirani anasema tu kuwa mvua inanyesha.

Marehemu, hayati na mbele ya haki

"Marehemu" ni "marhuum" kwa Kiarabu, aliyerehemewa. Ami wa watoto amesikia hoja iliyopo kwa baadhi ya Maulamaa: sisi hatujui kama maiti amerehemewa, basi vipi tunamshuhudilia? Hoja hiyo ina msingi. 'Uthmaan bin Madh'uwn alipofariki, Ummul-'Alaa alisema kuwa Allaah Amemkirimu, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamuuliza amejuaje. Imepokewa na Al-Bukhaariy.

Lakini Maulamaa wengine wamepambanua baina ya kutoa habari na kutaraji. Anayesema "marehemu babu" kwa maana ya babu Allaah Amrehemu, ameomba du'aa. Na katika Kiswahili cha leo neno limefika mbali zaidi: kwa wasemaji wengi maana yake ni mtu aliyefariki, basi. Hatuoni ubaya kwa Muislamu kulitumia kwa nia ya du'aa. Kinachokatazwa ni kukata shauri, kama mtu kusema "yuko peponi huyo". Kuomba kwamba Allaah Amlaze mahali pema peponi ni du'aa, na hiyo ni njema kwa Muislamu aliyekufa.

"Hayati" nalo linashangaza ukilijua. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, nasi tunalitumia kwa viongozi waliofariki, kama tunaposema Hayati Mzee Abeid Amani Karume. "Kufariki" ni kutengana, kutoka katika mzizi wa "firaaq". Na "amekwenda mbele ya haki" ni katika semi nzuri mno tulizonazo, kwani Al-Haqq ni katika Majina ya Allaah, na mbele Yake kila haki italipwa.

"Nenda kwenu"

Sasa tumefika katika neno lililokukosesha usingizi, dada yetu.

Maulamaa wamegawa matamko ya talaka sehemu mbili. Kuna tamko la wazi, na kuna kinaya, yaani fumbo. La wazi ni kama "nimekutaliki", na katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy yanayofuatwa na wengi visiwani, tafsiri ya talaka kwa lugha ya watu ni wazi pia. Kwa hiyo "nimekupa talaka" haiulizwi nia, na wala utani hausaidii, kwa Hadiyth iliyopokewa na Abuu Daawuwd na At-Tirmidhiy kuwa ndoa, talaka na kurejea havina mzaha.

Kinaya ni tamko linalobeba talaka na lisilokuwa talaka. "Nenda kwenu" ni mfano wake hasa. Kwa Kiarabu ni "ilhaqiy bi-ahlik", yaani nenda kwa watu wako, na tamko hili limekuja katika Sunnah mara mbili kwa hukumu mbili.

La kwanza: Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimwambia hivyo mwanamke aliyejulikana kama binti wa Al-Jawn, aliyeomba kinga kwa Allaah dhidi yake alipoingizwa kwake. Ilikuwa ni talaka. Imepokewa na Al-Bukhaariy.

La pili: Ka'b bin Maalik (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipobaki nyuma katika vita vya Tabuwk na Waislamu wakaamrishwa wasizungumze naye. Usiku wa 40 ulipopita ukamjia ujumbe ajitenge na mkewe. Akauliza: nimtaliki? Akaambiwa hapana, asimkaribie tu. Ndipo akamwambia mkewe aende kwa watu wake akae huko hadi Allaah Ahukumu. Haikuwa talaka. Imepokewa na Al-Bukhaariy na Muslim.

Maneno ni yale yale. Kilichotofautisha ni nia ya msemaji.

Kwa hiyo jirani yako amefanya haraka. "Nenda kwenu" haiwi talaka kwa tamko lake peke yake. Aulizwe mumeo: wakati ule ulipotamka, ulikusudia kumuacha? Akisema hapana, alikusudia kukutaka uondoke hadi hasira zipoe, au alisema bila kukusudia kuacha, basi ndoa yenu iko pale pale. Akisema ndiyo, alikusudia talaka, basi imepita, na ikiwa ni ya kwanza au ya pili anaweza kukurejea ndani ya eda. Nia anaijua yeye na Mola wake. Asiifiche kwa kuona aya, kwani ni halali na haramu ya maisha yenu yote.

Hukumu ya tukio lenu hatuitoi sisi kwa barua. Nendeni wote wawili, asiende mmoja, kwa Shaykh muaminifu wa karibu. Walio Bara wanaweza kufika ofisi za BAKWATA za wilaya au mkoa, na walio visiwani wafike kwa Kadhi. Mumeo aulizwe mbele yako, kisha mrudi nyumbani mkiwa na jibu moja.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kwa familia zote zenye watoto Bara, tunanasihi haya:

- Wafundisheni watoto kuanza na "Assalaamu 'alaykum", kisha shikamoo ikifuata haina neno.
- Badala ya "hakyanani", wazoezeni kusema "kweli" bila ya kiapo. Mkweli hahitaji kuapa kila saa.
- "Ndege mbaya" na "kusafisha nyota" yaondoeni majumbani, na mueleze kwa nini.
- Mzee au ami akiona neno asilolipenda, amuite mtoto pembeni, amuulize amelipata wapi na analifahamu vipi, kisha amuelekeze. Mtume amesema kuwa si katika sisi asiyewahurumia wadogo wetu na asiyewaheshimu wakubwa wetu, na huruma imetajwa pamoja na heshima.
- Wanaume wajizuie na mafumbo ya talaka wakati wa hasira. Neno linalohitaji kwenda kuulizwa nia mbele ya Kadhi ni bora lisitoke.

Na ami wa watoto apelekewe salamu na aelezwe kwa adabu, na bora aelezwe na kaka yake au ndugu yake mwenyewe. Alilolikusudia ni kuilinda dini ya watoto wa nduguye, na kwa hilo anastahiki kushukuriwa. Tunamuomba Allaah Azitengeneze nyumba zetu na Azilinde ndimi zetu.

Wa-Allaahu A'alam.